Kunyoosha Pembe za Propela Baada ya Kushusha Pikapu ya Zamani

Pikapu ikishushwa, kila mtu hutazama kilichoshuka. Huko chini kuna kilichopanda: ukiilinganisha na chesisi, ekseli ya nyuma imesogea juu sentimita kumi, pengine kumi na tano. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, iliyokuwa ikiteremka kuelekea kwenye difu (kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma) sasa imelala tambarare, au hata inapanda kuelekea nyuma. Giaboksi haijaguswa. Ndiyo maana gari lililokuwa likienda kimya linaanza kutetemeka likifika kilomita 90 kwa saa, na mwenye gari anabalansi matairi mara tatu yasiyo na kosa lolote.

Mwongozo huu ni wa pikapu za zamani za Kimarekani zenye injini mbele na ekseli nzima nyuma: Chevrolet C10, GMC za rika lake, Ford F-100, Dodge D100 na nyinginezo za aina hiyo. Kanuni ni zilezile kwa gari lolote lenye propela na kros mbili, yaani viungo vya msalaba vinavyoiruhusu propela kupinda, kimoja kila mwisho. Kinachobadilika ni namna ekseli ilivyoshikwa, na hilo tutalifikia.

Kwanza elewa unachokitibu

Kros iliyopinda haizungushi sawasawa. Shafti inayoingia ikienda kwa mwendo mmoja, inayotoka huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 3 tofauti hiyo ni kama asilimia 0.14 kila upande, haba kabisa. Kwa digrii 10 inafika asilimia 1.5. Kibaya zaidi, mtikisiko huo hukua kwa mraba wa pembe na kwa mraba wa mwendo: ongeza pembe mara mbili, mtikisiko umeongezeka mara nne.

Kros ya nyuma ipo pia ili kufuta kile ilichokifanya ya mbele. Itaweza tu kama pembe ya mbele na ya nyuma zinalingana, na yoki mbili (uma zinazoshika kros) za kwenye propela zimekaa katika mstari mmoja, masikio ya hii yakitazama upande uleule na masikio ya ile. Njia ya kawaida ya kupata pembe zinazolingana ni kuufanya mstari wa shafti ya giaboksi na mstari wa pinioni ya difu (shafti fupi inayoingiza nguvu kwenye difu) uwe sambamba. Propela yenyewe inaweza kuinama itakavyo katikati yao, ndani ya mipaka.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanalala chini ya gari, wanaona propela imekaa upande, wanaielekeza pua ya difu (mbele yake, pinioni inapotokea) moja kwa moja kwenye mkia wa giaboksi. Inapendeza machoni. Lakini pembe ya nyuma sasa ni sifuri, ya mbele bado ipo, na hakuna wa kuifuta. Kuelekeza pua namna hiyo kunafaa kwenye propela yenye jointi ya kros mbili zilizoshikana upande wa giaboksi, aina inayoonekana sana kwenye magari ya kuvuta magurudumu yote yaliyoinuliwa. Pikapu yako ya zamani iliyoshushwa karibu hakika haina.

Pembe ndogo kupita kiasi nayo ni tatizo. Beringi za sindano ndani ya kros zinahitaji kuzunguka kidogo ili grisi ienee. Chini ya nusu digrii zinasimama palepale na kuchimba vijito kwenye msalaba, na kros mpya inakufa mapema. Kwa hiyo lenga kati ya digrii 1 na 3 kila upande gari likiwa linavuta, tofauti ya mbele na nyuma isizidi 1.

Kuhusu kikomo cha juu, jedwali la Spicer, watengenezaji wa kros na propela, linaloongoza mafundi wengi wa propela linaruhusu hadi digrii 5.8 propela ikizunguka mara 3000 kwa dakika, 4.2 kwa 4000, na 3.2 kwa 5000. Ili ujue yako inazunguka mara ngapi: tairi lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa karibu mita 2.2. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 758 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, tuseme 3.73, unapata 2,800 na ushee. Gia uliyomo haiingii katika hesabu hii, maana propela imefungwa na magurudumu kupitia difu.

Kabla ya kupima

Kazi hii ni ya mwisho. Springi mpya, blokia (vipande vya kushushia kati ya springi na ekseli), mkato wa C kwenye chesisi wa kuipa ekseli nafasi, matairi utakayotembelea, vyote viwe mahali pake. Ukipima leo na kesho ukabadilisha kimo cha kusimama, umepima gari jingine. Weka mafuta angalau nusu tangi, rudisha bodi ya nyuma kama uliing'oa (pikapu tupu isiyo na bodi inasimama juu sana), kisha lisukume gari mbele na nyuma ili springi zitulie.

Gari lazima likae juu ya magurudumu yake. Lift ya kupanda na matairi ndiyo bora. Kama huna, panda rampu nne za kimo kimoja, au weka stendi chini ya ekseli zenyewe, mbele na nyuma. Stendi chini ya chesisi hazifai hata kidogo: ekseli itaning'inia na kila namba utakayoandika itakuwa uongo. Weka vizuizi kwenye magurudumu, giaboksi iwe huru ili propela izungushwe (kwa mkono magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, la sivyo kwa kulisukuma gari kidogo kabla ya kuweka vizuizi), na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Angalia na maunti, zile raba zinazobeba injini na giaboksi. Maunti ya giaboksi iliyolowa oili kwa miaka hamsini huwa imebonyea, na mkia wa giaboksi umeshuka nayo. Badilisha kabla ya kupima. Vilevile kros zenyewe: shika propela, itikise juu chini na kushoto kulia, na ukihisi mchezo, hakuna pembe itakayokuokoa.

Kupima mistari mitatu

Unahitaji kipima pembe cha dijitali chenye sumaku, kinachosoma sehemu ya kumi ya digrii. Vile vya mshale vya seremala vinaweza kazi pia, ila utabishana navyo.

Unapima mistari mitatu: giaboksi, propela, pinioni. Chagua upande mmoja wa gari, ule wa dereva au mwingine wowote, na upime yote mitatu kutoka upande huo huo. Kisha weka kanuni moja ya alama na usiiache: mstari unaoshuka kuelekea nyuma ni chanya, unaopanda kuelekea nyuma ni hasi. Kwa pinioni maana yake ni kwamba pua ikiwa juu, namba ni chanya. Watu wengi hupima vizuri na kukosea hapa, kwa sababu waliandika "3" tatu bila kuandika zimeelekea wapi.

Giaboksi: usiweke kipimo kwenye sampu ya oili wala kwenye mbavu za kasha, hazikutengenezwa kuwa sambamba na shafti. Uso wa mbele wa puli ya krenki ni mzuri, kwa kuwa umekaa mraba na krenki. Weka kipimo kimesimama wima juu yake na usome kimeegemea kiasi gani kutoka wima kamili. Kama feni inazuia, chomoa propela na uweke rula ya chuma kwenye uso wa mwisho wa mkia wa giaboksi.

Propela: weka kipimo kwenye bomba lililosuguliwa uchafu na kutu, mbali na vipande vya balansi na mshono wa kuchomelea. Soma sehemu tatu. Zikitofautiana zaidi ya sehemu mbili tatu za kumi, ama kuna uchafu, ama bomba limepinda.

Pinioni: zungusha propela hadi kikombe kimoja cha kros kwenye yoki ya difu kitazame chini kabisa. Uso wa kikombe hicho uko sambamba na shafti ya pinioni, basi kipimo kikae hapo, kikitazama mbele na nyuma. Kama klipu ya ndani inakizuia, itoe kwa muda, au chomoa propela na upime uso wa yoki wima kama ulivyofanya kwenye krenki. Usipime mfuniko wa difu. Ni bati lililokandamizwa, na linafuata nyumba ya difu kwa makadirio tu.

Sasa toa. Pembe ya mbele ni giaboksi kutoa propela. Pembe ya nyuma ni pinioni kutoa propela. Kumbuka kutoa namba hasi ni kujumlisha.

Kuna pembe ya tatu ambayo kipimo hakiioni, ile ya kushoto na kulia. Baadhi ya pikapu hizi zina injini au difu iliyosogezwa kando ya mstari wa katikati kiwandani. Pima kwa utepe umbali wa kila kros kutoka reli ya chesisi. Sentimita 5 za upande kwenye propela ya mita 1.4 ni digrii 2. Ukiwa na digrii 3 za wima na 2 za upande, pembe halisi ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao: 9 na 4 ni 13, kipeuo chake 3.6. Ukijua hilo mapema hutashangaa kwa nini kros iliyo "ndani ya kipimo" inalia.

Pua ya difu haikai mahali pamoja

Magurudumu yakisukuma gari mbele, nyumba ya ekseli inajibu kwa kutaka kuzunguka kinyume. Pua inapanda. Kwenye springi za majani (bapa za chuma zilizopangwa pamoja), jani linajipinda na pua inaweza kuruka digrii 1 au 2 kwa uendeshaji wa kawaida, zaidi kama injini ina nguvu na springi ni laini. Kwenye mikono (vyuma virefu vinavyoishika ekseli badala ya majani) yenye bushi za raba inapanda kidogo zaidi kuliko kwenye mikono yenye bushi ngumu, lakini haivuki sana digrii 1.

Kwa hiyo usambamba unaoutaka ni ule wa barabarani, mguu ukiwa kwenye mafuta. Gari likiwa limesimama, pinioni iwe chini ya usambamba kwa kiasi kile inachotarajiwa kupanda: digrii 1 hadi 2 kwa majani, nusu hadi 1 kwa mikono. Ukitaka kujua yako inapanda kiasi gani hasa, funga kamera ndogo kwenye chesisi ikiitazama yoki ya difu, chora mstari wa rangi nyeupe ubavuni mwa nyumba, kisha kanyaga mafuta barabarani kama unavyoendesha siku zote. Picha itakuambia kuliko mabishano yoyote.

Hesabu ya mfano

Chukua pikapu ya springi za majani ambayo ekseli imehamishwa kutoka chini ya springi kwenda juu yake, na hanga za mbele (vishikio vya springi kwenye chesisi) zimebadilishwa kwa zile zinazopandisha jicho la springi. Inapima hivi: giaboksi 3 chanya, propela 1 hasi, pinioni 6 chanya. Mbele ni 3 kutoa hasi 1, yaani 4. Nyuma ni 6 kutoa hasi 1, yaani 7. Tofauti ni 3, na gari likivuta pua itapanda izidishe ya nyuma. Lazima litetemeke.

Pinioni 6 imetoka wapi? Hanga. Jicho la mbele la springi likipanda kuhusiana na chesisi, springi nzima inainuka mbele na pua inafuata. Jicho la nyuma likipanda, pua inashuka. Ukikumbuka hayo mawili utaweza kusoma kifaa chochote cha kushushia kabla hujakifunga.

Sasa tunataka pinioni isimame kwenye 2, ili ikipanda digrii 1 iwe 3 sawa na giaboksi. Inapaswa kuinama digrii 4. Lakini angalia: kros ya nyuma iko kama sentimita 30 mbele ya katikati ya ekseli, kwa hiyo ukiinamisha pua digrii 4, kros yenyewe inashuka milimita 21. Kwenye propela ya mita 1.4 hiyo ni karibu digrii 0.9. Propela inahama kutoka hasi 1 hadi hasi 0.1. Pembe ya mbele sasa ni 3.1, ya nyuma ni 2.1 gari likisimama na kama 3 na kitu likivuta. Mbele nako kumepona bila kuguswa.

Ndiyo maana hesabu hufanywa kwenye karatasi kwanza. Kila ukigusa kimoja kingine kinasogea, na anayefunga na kufungua bila kuhesabu atashinda chini ya gari. Kipimo rahisi cha kichwani: milimita 17.5 kwa kila mita moja ya urefu ni digrii 1.

Kurekebisha kwenye springi za majani

Digrii 1 hadi 4 zinatibika kwa kabari kati ya springi na kiti chake, pale ekseli inapokutana na springi. Nunua za chuma. Za alumini hupasuka na kubanwa zikawa kitu kingine, na U-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli) zinalegea bila kukuuliza. Kabari iwe na tundu la kuingiza kichwa cha bolti ya katikati ya springi, na urefu wa kichwa hicho utoshe kupita kabari na bado kishike kiti cha ekseli. Kisipofika, ekseli inaweza kuteleza.

Upande wa kuelekeza kabari huwachanganya hata wenye uzoefu, kwa sababu unageuka ekseli ikihamishwa. Springi ikiwa juu ya ekseli: ili kushusha pua, upande mnene uelekee mbele, ili kuinua pua, nyuma. Ekseli ikiwa juu ya springi, kama ilivyo kwa pikapu nyingi zilizoshushwa sana, ni kinyume: mnene nyuma unashusha pua, mnene mbele unaiinua. Ukiwa na shaka, chora upande wa ekseli kwenye kadibodi, kata kabari ya kadibodi uiingize. Dakika tano.

Zaidi ya digrii 4, acha kabari. Kata viti vya zamani na uchomelee vipya. Funga viti vipya kwenye springi bila kuvichomelea, ruhusu ekseli izunguke juu yake, shusha gari hadi kimo chake cha kusimama, zungusha nyumba hadi pinioni isome namba yako, kisha weka nukta tatu nne za kuchomelea kila kiti. Pima tena. Ndipo uitoe ekseli na umalizie kwa mishono mifupi, upande huu kisha ule, ukiacha bomba lipoe katikati. Mshono mmoja mrefu wa moto unakunja bomba la ekseli, na utaligundua kwa tairi linalolika upande. Ondoa waya wa betri, na kibano cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kikae karibu na mshono, umeme usipite kwenye beringi.

U-bolti zilizokwisha kuvutwa hazirudi kazini. Weka mpya.

Kwenye mikono na koili

C10 za 1960 hadi 1972 nyingi zina mikono miwili mirefu ya chuma inayoanzia kwenye krosimemba (boriti inayokatiza kati ya reli mbili) katikati ya chesisi na kwenda kushika ekseli, na koili juu yake. GMC za kipindi cha 1967 hadi 1972 mara nyingi zilitoka na majani, basi tazama chini kabla ya kuagiza vipuri.

Mikono imeshika ekseli kwa U-bolti bila mchezo, kwa hiyo ekseli ikipanda mkono unazunguka na pua inainama. Tuseme mkono una urefu wa mita 1.3 na umeshusha milimita 150: pua imeinama digrii 6.6. Hiyo ni nyingi kwa kabari. Kwa mshuko wa kama milimita 75 kabari inatosha kabisa, kwa kanuni ileile ya ekseli iliyo juu ya kinachoibeba. Kwa mshuko mkubwa njia safi ni krosimemba inayopandisha egemeo la mbele la mikono, ili mikono irudi karibu na ulalo wake wa kiwandani. Krosimemba nyingi za namna hiyo zina nafasi kubwa zaidi ya kupitisha propela, jambo utakalolishukuru, maana krosimemba ya zamani ndiyo ya kwanza kugongwa na propela iliyopanda.

Mshuko wa aina hii unaweza pia kukuachia pinioni iliyo hasi wakati giaboksi ni chanya, yaani propela imekunjwa upande mmoja pande zote mbili kama V iliyofunguka. Kihesabu hilo hufuta mtetemo, almradi pembe zilingane. Mimi siupendi mpango huo kwenye ekseli nzima: pua ikipanda, pembe ya nyuma inapungua huku ya mbele ikibaki ilivyo, na usawa unapotea kila ukikanyaga mafuta.

Kuinua mkia wa giaboksi

Kama pembe ya mbele bado inazidi 3 na nusu hivi, inua mkia. Ni kazi nyepesi yenye malipo makubwa. Kutoka maunti za injini hadi maunti ya giaboksi tuseme ni sentimita 80. Digrii 1 ni shimu (bamba la kuinulia chini ya maunti) ya milimita 14. Giaboksi inapungua digrii 1, na kwa kuwa kros ya mbele imepanda, propela nayo inaongeza kama digrii 0.6 za kushuka. Pembe ya mbele imepungua 1.6 kwa shimu moja.

Usizidishe. Feni inaweza kugusa chini ya shraudi (kasha linaloizunguka), kiungo cha gia kikakaa vibaya, na kabureta ikainama mbele kuliko msingi wake ulivyokatwa. Na ukiinua mkia digrii 1, lengo la pinioni nalo limeshuka digrii 1.

Propela ya vipande viwili

Pikapu za chesisi ndefu, zikiwemo C10 nyingi za inchi 127 kati ya ekseli, zina propela ya vipande viwili na senta beringi, yaani beringi inayoishikilia katikati kwenye chesisi. Hapa kros ni tatu. Kipande cha mbele kiwe karibu mstari mmoja na giaboksi, pembe ya nusu digrii hadi digrii 1 na nusu. Baada ya hapo sahau giaboksi: kipande cha mbele ndicho kinachochukua nafasi yake, na pinioni iwe sambamba nacho.

Dawa kubwa hapa ni kupandisha senta beringi. Ukiipandisha milimita 17.5, na kila kipande kina mita 1, kipande cha mbele kinabadilika digrii 1 upande huu na cha nyuma digrii 1 upande ule. Kros ya kati imebadilika digrii 2. Tengeneza bamba lenye matundu marefu ya wima, sogeza, pima, kaza. Beringi ikae mraba na shafti, raba yake isivutwe upande mmoja, la sivyo itachanika. Na kabla ya kutenganisha vipande, piga mstari wa rangi unaovuka kiungo cha meno. Ukikirudisha kikiwa kimeruka jino, yoki hazitazamani tena na mtetemo wako una chanzo kipya.

Wengine hung'oa yote hayo na kuweka propela moja ndefu. Inawezekana, lakini mwendo ambao propela huanza kupiga mawimbi hushuka kwa mraba wa urefu wake, na huongezeka na kipenyo cha bomba. Mpe fundi wa propela urefu, uwiano wa difu na mwendo wako wa juu, naye akuchagulie bomba.

Nafasi na urefu

Sukuma yoki ya kuteleza (ile ya mbele inayoingia kwenye mkia wa giaboksi) hadi igote ndani ya giaboksi, kisha ivute. Gari likisimama kwa kimo chake, kubaki na milimita 20 hadi 25 za kuingia ndani kunatosha. Ikiwa haipo, propela itagonga shafti ya giaboksi siku ya shimo la kwanza. Ikiwa imetoka sana, meno machache yanabeba nguvu zote na mkia utavuja.

Kisha inua ekseli kwa jeki hadi iguse raba za kikomo, zungusha propela kwa mkono mzunguko mzima, na utazame kila inapokaribia kugusa: krosimemba, sakafu ya bodi, bomba la mafuta, kebo ya breki ya mkono, bomba la moshi. Kidole cha nafasi hakitoshi. Lenga sentimita 2 na nusu.

Barabarani

Mtetemo unaobaki una lugha yake. Unaokuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, hiyo ni pembe. Unaokua na mwendo tu, ukikanyaga au usikanyage, hiyo ni balansi ya propela au bomba lililopinda. Wa polepole unaotikisa usukani au kiti, kama mara kumi na kitu kwa sekunde, ni wa tairi. Propela inazunguka mara tatu hadi nne zaidi ya tairi, basi wake ni mwepesi, unausikia masikioni na sakafuni. Barabara ikiwa tupu, weka giaboksi huru ukiwa kwenye mwendo wenye mtetemo: ukiendelea, chanzo kiko nyuma ya giaboksi.

Mtetemo wa kuanza kuondoka tu, unaokufa ukifika kilomita 30, kwa kawaida ni pua inayopanda kupita hesabu yako. Shusha pinioni digrii moja zaidi, au tafuta springi iliyochoka. Kaza U-bolti tena baada ya kilomita 100 za kwanza na tena baada ya 500, na springi mpya zikishalala, pima mistari mitatu upya.